Nenda Kundelungu kabla moshi haujapanda

Kila mwaka ikifika mwezi wa nane, simu yangu hujaa ujumbe wenye swali moja: "Mwalimu, tunapanda lini kuangalia nyota?" Naelewa kwa nini wanauliza wakati huo. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, mvua haijaanza, na mtu yeyote aliyekulia Lubumbashi anajua kwamba kiangazi ndio msimu wa anga bila wingu. Lakini jibu langu halibadiliki: mwezi wa nane umechelewa. Anga la kweli la milima yetu ni la mwezi wa tano na wa sita, na ukijitahidi, la wiki ya kwanza ya mwezi wa saba. Baada ya hapo mawingu hakuna, ni kweli, ila kuna moshi.

Nimeamua kuliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu nalipenda, na kwa sababu naona watu wanatoa pesa ya gari na mafuta kwenda kutazama anga lenye rangi ya vumbi, kisha wanarudi mjini wakisema nyota za mlimani ni maneno matupu.

Tunakokwenda ni Kundelungu, ule uwanda ulioinuka kaskazini ya Lubumbashi, kati ya bonde la Lufira na bonde la Luapula. Lubumbashi yenyewe iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana baridi ya mwezi wa sita inatupata hata sisi wa mjini. Kundelungu inafika mita 1,700 hivi. Kule juu miti inapungua, majani yanatanda mpaka macho yanapoishia, na ukizunguka huoni ukuta wala paa linalokukatia anga. Sehemu kubwa ni hifadhi ya taifa iliyoundwa mwaka 1970, ile yenye maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya mita 300. Wageni wachache wanaofika huko wanakwenda kwa ajili ya maporomoko, wanapiga picha mchana, kisha wanashuka. Wanashuka saa ileile ambayo sisi tunaanza kutandika mikeka.

Kijiji tunacholala kiko ukingoni mwa uwanda, nje ya mipaka ya hifadhi. Ni kwao na mama yangu. Anayetupokea ni mjomba wa mama, mzee ambaye watoto wote wa ukoo wanamwita Kambo, na ndiye anayeamua tutalala nyumba gani na nani atakwenda kuchota maji. Mgeni akifika anapitishwa kwake kwanza, anainama, anatoa salamu ya huko, mwapoleni, halafu anapelekwa kwa chifu. Bila hatua hizo mbili hakuna kulala pale, na mimi naona ni sawa kabisa. Usiku ukiwa nje kwenye giza na wenzako, ni vizuri kila mtu kijijini awe anajua wewe ni nani na umelala kwa nani.

Wengine huniambia: lakini hata hapa mjini umeme ukikatika tunaona nyota. Mnaziona, ndiyo, zile kubwa kubwa. Umeme ukikatika katika mitaa yetu ya Katuba au Kenya, taa za migodi na viwanda bado zinawaka usiku kucha pembezoni mwa mji, jenereta zinanguruma, kila kiwanja kina mbabula yake, jiko la makaa, inayotoa moshi, na vumbi la malori limening'inia hewani. Mwanga unapanda, unagonga moshi na vumbi, unarudi machoni mwako. Anga linakuwa la kijivu, na nyota dhaifu, ambazo ndizo nyingi kuliko zote, zinamezwa. Hatuko peke yetu katika hilo. Ramani ya dunia ya mwanga wa usiku iliyochapishwa na wanasayansi mwaka 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na mwanga wa taa, na theluthi moja ya binadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota nyingi unaokatiza anga, kutoka wanakoishi. Kwenye ramani hiyo sehemu kubwa ya Kongo ni nyeusi. Weusi huo unatokana na ukosefu wa umeme, na hilo si jambo la kusherehekea. Lakini giza lipo, na watu wa mbali wanalilipia.

Sasa niseme kinachoonekana.

Katikati ya mwezi wa tano jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na huku kwetu machweo hayakawii. Saa moja usiku giza limeshafunga. Kuanzia saa mbili nawaomba wageni wasimame wakitazama kaskazini. Chini kidogo, juu ya mstari wa milima, kuna nyota saba za Dubu Mkubwa, zimelala kichwa chini. Hizi ndizo nyota ambazo watoto wa Ulaya hufundishwa kwanza, kwa kuwa zinawaelekeza kwenye Nyota ya Kaskazini. Yenyewe hatuioni, tumeshavuka kusini mwa mstari wa Ikweta, iko chini ya ardhi yetu. Halafu nawaambia wageuke. Upande wa kusini, saa hiyohiyo, Msalaba wa Kusini unaelekea kusimama wima. Saa tatu usiku umefika kileleni mwa safari yake, kiasi cha nyuzi 40 na kitu juu ya upeo, na nyota mbili angavu za Alfa na Beta Sentauri ziko kushoto kwake, zikiuelekezea.

Nataka usome aya hiyo mara ya pili, kwa sababu wengi wanaipita haraka. Dubu Mkubwa na Msalaba wa Kusini, kwa wakati mmoja, kutoka kwenye mkeka mmoja, kwa kugeuza shingo tu. Mtu wa Paris hauoni Msalaba hata siku moja maisha yake yote akibaki kwao. Mtu wa Cape Town hawezi kuwaona wote saba wa Dubu wakisimama juu ya upeo wake. Sisi tuliozaliwa kati ya nyuzi 10 na 12 kusini mwa Ikweta tunavipata vyote viwili, na wengi wetu tunazeeka bila kujua.

Kwa kutumia Msalaba unapata kusini kwa urahisi. Pima urefu wake kutoka nyota ya juu hadi ya chini, uurefushe kwenda chini mara nne na nusu. Hapo ndipo ilipo ncha ya kusini ya anga, mahali ambapo nyota zote zinapazunguka. Kule kijijini iko chini sana, kama nyuzi 10 juu ya upeo: nyoosha mkono mbele, funga ngumi, iweke juu ya mstari wa ardhi, na sehemu ya juu ya ngumi yako inagusa hapo. Hakuna nyota angavu inayokaa hapo. Kando ya Msalaba wenyewe kuna doa jeusi ambalo mgeni hudhani ni wingu dogo. Si wingu la mvua. Ni vumbi la angani, lililo umbali wa mamia ya miaka ya mwanga (mwaka wa mwanga ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja), linaloziba nyota zilizo nyuma yake. Ukiliona doa hilo bila kuonyeshwa, ujue anga lako ni safi na macho yako yamezoea giza.

Usiku mmoja mtoto wa jirani, wa darasa la tano hivi, alikuja kujilaza pembeni yetu akiwa amejifunika kikwembe cha mama yake mpaka puani. Nilimwonyesha Msalaba. Alinyamaza, akaunyooshea kidole, akasema: "Ni kama ile ya mukuba." Alikuwa anasema ile misalaba ya shaba ambayo mababu wa Katanga waliyeyusha na kutumia kama pesa karne nyingi kabla ya Wabelgiji, ile iliyoko makumbusho ya Lubumbashi na kwenye kila picha ya historia yetu. Sikuwahi kufikiria hivyo. Nimefundisha fizikia miaka mingi, na kuanzia usiku ule ndivyo ninavyouonyesha Msalaba kwa wanafunzi wa Lubumbashi, kwa sababu wanaukamata mara moja na hawausahau.

Na mtoto yule aligusa jambo kubwa kuliko alivyojua. Shaba iliyotengeneza misalaba ile haikuzaliwa ardhini. Sehemu kubwa ya shaba yote iliyopo ilipikwa ndani ya nyota nzito, nyota kubwa mara nyingi kuliko jua letu, na zilipolipuka mwisho wa maisha yao zikaitawanya angani. Kobalti ina hadithi ya karibu na hiyo. Mavumbi hayo yalikusanyika, na miaka bilioni 4.6 iliyopita jua na dunia vikatokea humo. Kila lori linalopanga foleni kuelekea mpaka wa Kasumbalesa limebeba majivu ya nyota zilizokufa kabla jua halijawaka. Nikiwaambia hivyo wageni ambao siku zao zote zinapita kwenye migodi, wananyamaza kwa muda mrefu, na kuna aliyeniuliza, kwa uzito kabisa, kama nyota ile nyekundu ya kundi la Nge ina shaba ndani yake sasa hivi. Nyota ile ni Antaresi, na ni moja ya zile nzito. Nilimjibu kwamba ndiyo, zinazofanana na ile ndizo zinazoitengeneza, na siku moja italipuka.

Nge yenyewe inapanda mashariki jioni ya mwezi wa tano, mkia nyuma. Saa mbili au saa tatu usiku, nyuma ya mkia wake unachomoza moyo wa Njia Nyeupe, katikati ya galaksi yetu, umbali wa miaka ya mwanga 26,000. Mwezi wa tano unahitaji kukesha hadi kama saa nane usiku ili uuone umefika juu kabisa. Mwezi wa sita ni saa sita usiku. Wiki ya kwanza ya mwezi wa saba ni saa tano, na watoto bado wako macho. Na ninaposema juu kabisa, ni karibu na utosi. Unalala chali, hutazami upande wowote, unatazama juu tu, na ule mkanda mzito wenye mabaka meusi unapita kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine.

Hapa ndipo mahali petu panaposhinda sehemu nyingi zenye sifa. Ufaransa kuna kijiji cha milimani kiitwacho Saint-Véran, katika Alpi, zaidi ya mita 2,000 juu, moja ya vijiji vya juu kabisa Ulaya. Watu wanakwenda likizo pale kwa ajili ya nyota, na kwenye kilele cha jirani kuna kituo cha falaki ambapo wapenzi wa anga hulala na kutumia darubini. Ni mahali pazuri, sibishi. Lakini kule, moyo wa Njia Nyeupe haupandi zaidi ya nyuzi 16 hivi juu ya upeo. Wanautazama kupitia tabaka la hewa nene zaidi ya mara tatu kuliko lile ninalotazamia mimi nikiwa Kundelungu, ambako unapita nyuzi zaidi ya 70. Msalaba wa Kusini hawauoni kabisa. Wao wana barabara, vitanda, mabango na vitabu vya wageni. Sisi tuna anga.

Anayetushinda kweli ni Afrika Kusini. Kwenye mji mdogo wa Sutherland, katika nyanda za juu za Karoo, kuna darubini kubwa iliyozinduliwa mwaka 2005, yenye kioo cha upana wa mita 11 hivi kilichoundwa kwa vipande 91. Baridi ya kule inauma, mji ni mkavu, na kabla ya darubini uchumi ulikuwa ni kondoo. Leo nyumba za wageni zinaishi kwa watu wanaokuja kutazama juu. Namibia nao, hifadhi ya NamibRand ilitambuliwa rasmi mwaka 2012 kama hifadhi ya kimataifa ya anga la giza, ya kwanza Afrika. Na Zambia, jirani yetu wa hapa tu: tarehe 21 Juni 2001 jua lilipatwa kabisa juu ya Lusaka, na wageni walitoka kila bara kuja kusimama gizani kwa dakika chache. Lubumbashi tuliona jua likiliwa sehemu kubwa tu. Nilikuwa na karatasi yenye tundu dogo na karatasi nyeupe chini yake, na mwezi mwembamba wa jua ukaonekana juu ya karatasi. Nadhani ndipo ugonjwa huu wangu wa anga ulipoanza.

Turudi kwenye moshi, maana ndio kiini cha ninachotaka kusema.

Mvua inakoma mwezi wa nne. Majani ya uwanda ni marefu na bado yana unyevu, hewa imeoshwa na miezi sita ya mvua, vumbi limelala. Ndiyo maana mwezi wa tano ni wa ajabu: anga ni jeusi hadi chini kwenye mstari wa ardhi, na nyota zinachomoza nyuma ya kilima zikiwa zimeshawaka. Kisha majani yanakauka, na moto unaanza. Mkulima anasafisha shamba. Mwindaji anachoma ili wanyama watoke na ili majani mabichi yaote, yawarudishe. Mchoma makaa anaacha tanuru yake, upepo unabeba cheche. Mwezi wa saba unaona moshi wa mbali mchana. Mwezi wa nane jua linazama likiwa jekundu kama kaa, na huo wekundu ambao watu wanaupiga picha ndio unaokula nyota. Wataalamu wanaotumia satelaiti wanaona kila mwaka mkanda wa moto unaoanzia Angola, unapita Katanga na Zambia, unaelekea Msumbiji na bahari. Zaidi ya nusu ya eneo lote linaloungua duniani kwa mwaka liko Afrika. Mwezi wa nane na wa tisa, kule kijijini, nyota zilizo chini ya nyuzi 20 hazipo tena. Msalaba jioni unashuka ndani ya ukungu wa kahawia na kupotea kabla haujagusa ardhi.

Asubuhi ya msimu huo ukisimama ukingoni mwa uwanda ukatazama chini kuelekea Lufira, unaona jambo zima kwa macho yako. Hewa baridi ya usiku imekaa bondeni na moshi umekaa nayo, tambarare, wa bluu, na vichwa vya vilima vinachomoza juu yake. Juu ya mstari ule hewa ni nyepesi zaidi, ndiyo sababu hata mwezi wa nane uwanda ni afadhali kuliko Likasi au Lubumbashi. Ni afadhali tu.

Mtu wa mjini akielezwa haya husema upesi: basi waambieni wasichome. Mimi siwezi kumwambia hivyo mkulima ambaye hana trekta, hana mbolea, na majivu ndiyo mbolea yake. Tena kuna ukweli mwingine: wataalamu wa misitu yetu ya miombo wanashauri kuchoma mapema, mwezi wa tano na wa sita, wakati majani bado yana unyevu na moto ni mdogo, ili ule moto mkali wa mwezi wa tisa usikute kitu cha kula na kuua miti. Kwa hiyo moto mzuri kwa msitu unaangukia palepale kwenye wiki zangu nzuri za nyota. Nililizungumza hilo na Kambo na chifu kwa muda mrefu, tukiwa tumekaa na munkoyo, kinywaji chetu cha kienyeji, katikati. Chifu ndiye aliyepata njia, na ni njia nyepesi sana. Nyota zinahitaji usiku usio na mwezi. Moto wa mapema hauna haja na giza. Basi eneo linalozunguka kijiji wanalichoma mwezi ukiwa mkubwa, wakati sisi hatuna cha kuona, na zile siku kumi za giza wanaziacha. Vijiji vya mbali vina mambo yao na upepo una mambo yake, ila karibu na sisi tofauti inaonekana.

Mwezi, kwa kweli, ni jambo ambalo watu hawalifikirii kabisa wakipanga safari. Mwezi mpevu ukiwa juu ya Kundelungu unaweza kuona alama za viganja vyako, na Njia Nyeupe imefutika. Safari inapangwa kwa kalenda ya mwezi kwanza, sikukuu baadaye. Mfano ni sikukuu ya Uhuru, tarehe 30 Juni, ambayo ndiyo mapumziko yanayotufaa zaidi. Mwaka 2026 inaangukia mwezi mpevu wenyewe. Ukipanda siku hiyo utapata matembezi mazuri ya usiku, utacheza na watoto uwanjani bila tochi, lakini nyota zitakuwa chache. Mwaka huohuo, tarehe 17 Mei, sikukuu nyingine ya taifa, inakuja siku moja baada ya mwezi mpya, kwa hiyo usiku wake ni wa giza.

Kuna msemo wa watu wa pwani: kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nimeupima kule juu. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, linapotea magharibi jioni mwanzoni mwa mwezi wa tano, mvua imetoka tu kwisha, kwa kuwa jua linapita upande wake. Katikati ya mwezi wa sita linaonekana tena, mashariki, kabla ya alfajiri, katikati ya kiangazi kikavu. Aliyekesha hadi saa kumi na moja anapewa zawadi hiyo, na mara nyingi ni mimi na Kambo tu tuliobaki, yeye kwa sababu wazee hawalali sana.

Kuhusu vifaa sina mengi. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na simu moja ikiwashwa mbele yako inafuta yote, unaanza upya. Tunafunga tochi kwa kitambaa chekundu, maana mwanga mwekundu hafifu hauyasumbui macho sana. Mbabula ya chakula inawekwa nyuma ya nyumba. Ukitaka kuona kitu kilichofifia, usikikazie macho. Tazama pembeni yake kidogo, kitajitokeza, kwa sababu sehemu ya jicho inayoona vizuri gizani haiko katikati. Darubini kubwa si lazima. Jumeli za kawaida, yaani darubini ndogo za macho mawili, za 7x50 au 10x50, zinatosha kukuonyesha miezi minne ya sayari ya Mshtarii ikiwa ipo juu, na zinakuonyesha Omega Sentauri, kundi la mamilioni ya nyota lililo umbali wa miaka ya mwanga 17,000 hivi, ambalo kwa macho matupu ni nyota moja yenye ukungu. Beba blanketi mbili. Wageni wengi wa mara ya kwanza wanakuja na koti la mjini, na usiku wa mwezi wa sita joto kule linashuka chini ya nyuzi 10.

Linalonishughulisha zaidi sasa ni taa. Umeme wa jua umeanza kufika vijijini, na hilo ni jambo jema mno. Nimewaona watoto wakisoma usiku ambao zamani walisoma kwa kibatari. Pale kijijini kulisimamishwa taa moja kwenye mti karibu na kisima, nyeupe, kali, inayomwaga mwanga pande zote hadi juu kwenye miti. Wanawake wanaipenda kwa sababu wanaona njia ya maji. Sikutaka izimwe. Tulichukua kopo tupu la maziwa ya unga, tukalikata, tukalifunga juu ya balbu kama kofia. Mwanga wote ukashuka chini. Kisimani pakawa na nuru zaidi kuliko mwanzo, na kutoka kwenye mikeka yetu taa haikuonekana tena. Mama mmoja aliyekuwa akichota maji alisimama akaangalia juu, akatuangalia sisi, akasema: "Siye tunazionaka kila usiku, hatukujuaka kama zinapunguka." Kijana mmoja pale kijijini, fundi wa kuunga sufuria, sasa anatengeneza kofia hizo za bati kwa kila nyumba inayonunua taa ya nje.

Pesa ya wageni tunaigawa kwa njia iliyopangwa na wazee: sehemu kwa nyumba zinazolaza watu, sehemu kwa wanawake wanaopika bukari, sombe na ndagala, sehemu kwa vijana wanaolinda magari na kubeba maji, na kitu kidogo cha chifu. Mimi sichukui. Ningependa siku moja vijana hao ndio waonyeshe nyota, na tayari wawili wanaweza kumpeleka mgeni kutoka Dubu hadi Nge bila mimi kufungua mdomo.

Kwa wanaotaka kupanga: mwaka 2027 mwezi mpya unaangukia tarehe 4 Julai, kwa hiyo usiku wa tarehe 30 Juni mwezi utachomoza kuelekea alfajiri tu, na anga litakuwa letu karibu usiku kucha. Moshi utakuwa umeanza mabondeni, lakini juu bado pazuri. Kabla ya kuondoka uliza hali ya barabara na ya usalama kwa watu waliopita wiki hiyohiyo, si mwezi uliopita. Ukitaka kuingia ndani ya hifadhi, omba ruhusa mapema kwa taasisi inayozisimamia hifadhi zetu, ICCN. Gari liwe la juu, lenye gurudumu la akiba zuri. Na wazazi wenye watoto wa shule, ongeeni na walimu sasa: ripoti za mwisho wa mwaka hutolewa karibu na siku hizo, na siku mbili zikisogezwa, watoto wanaweza kupanda nasi.